Rufaa ya Alama Mbili

Matokeo ya mwisho yametoka, na kijana wa Saadani aliyeiandikia safu hii hapati usingizi. Akijumlisha mwenyewe anapata GPA 3.48, chuo kimeandika 3.4, daraja la pili la chini. Baba yake huvua kamba kwenye mlango wa mto Wami. "Mjomba ananiambia niache, matokeo yakishatangazwa yametangazwa," anaandika. "Mimi nataka kukata rufaa wanipandishe daraja."

Uchungu wake una haki. Ila ombi la kupandishwa daraja, likiandikwa hivyo, litagonga mwamba, kwa sababu daraja ni hesabu tu. Alama ya somo hugeuzwa pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3. Pointi huzidishwa kwa krediti za somo, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Daraja la pili la juu huanzia 3.5, na kanuni za vyuo vingi nchini hukata tarakimu ya pili ya desimali badala ya kuikadiria. Ndiyo maana 3.48 inasomeka 3.4.

Tumaini lake liko kwenye jambo alilolitaja juu juu mwishoni mwa barua. Somo la takwimu la muhula huu limempa 58, yaani B, na anaamini jaribio la pili halikujumlishwa. Hilo ndilo la kupigania! Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Somo la krediti 12 likifika 60, yaani B+, linaongeza pointi 12. Ukigawanya kwa 360 unapata 0.03. Anafika 3.51.

Basi aandike barua fupi kwa ofisi ya mitihani kupitia mkuu wa idara, aombe alama za takwimu zikaguliwe, na aambatanishe karatasi ya jaribio aliyorudishiwa. Habari za nyumbani aziache. Kwanza asome kanuni za mitihani za chuo chake, maana muda wa rufaa ni mfupi na ada hulipwa. Kuomba mtihani usahihishwe upya ni hatua nyingine, nayo yaweza hata kushusha alama.

Mahakamani asikimbilie. Mhitimu mmoja wa Oxford aliyepata daraja la pili la juu mwaka 2000 alikishtaki chuo, akidai ufundishaji mbovu ulimkosesha daraja la kwanza. Mahakama Kuu ya London ilitupa madai yake mwaka 2018.

Kuna jambo hakuliuliza, lakini anastahili kuambiwa. Anaitaka 3.5 ili aajiriwe kufundisha chuo kikuu. Matangazo ya kazi ya mkufunzi msaidizi katika vyuo vya umma hutaka GPA 3.8, kwa hiyo hata akishinda rufaa, nafasi hiyo bado haifikii. Shahada ya uzamili ni habari tofauti: vyuo vingi hupokea kuanzia 2.7, na maombi anaweza kuyatuma rufaa ikiwa bado mezani.