Fulana za Babu wa Keya

Leo najibu barua ya binti wa Tabora, maana swali lake nimeshalisikia kwa wengi. Ukoo wao unakutana Desemba, na vijana wamepewa kazi ya kuandaa fulana, kofia na vikombe vya kumuenzi babu yao, marehemu, aliyekuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), na kupigana Burma. Ameniwekea na mchoro: fulana ya mabakamabaka, picha ya askari mwenye bunduki iliyotolewa mtandaoni, taji la Malkia juu yake, na chini pameandikwa "6 KAR, Burma 1944". Anauliza, "Dada, tuchapishe ngapi?"

Mdogo wangu, kwanza hongera. Vijana wanaokumbuka kwamba babu yao aliwahi kutembea kwenye matope ya Burma wananipa raha moyoni. Lakini kwa mchoro huo usichapishe hata moja.

Mabaka yatoe leo leo. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo inayofanana nazo, na mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Kenya na Uganda nako ni hivyo hivyo. Hutaki shangazi yako asimamishwe stendi kwa ajili ya zawadi ya ukoo. Tena babu mwenyewe hakuvaa mabaka. Kule msituni walivaa kijani tupu.

Taji nalo lina kasoro. Mwaka 1944 aliyekuwa kwenye kiti ni Mfalme George wa Sita, na taji uliloweka ni la enzi ya Malkia, lina umbo jingine kabisa. Ila ushauri wangu ni kuliacha moja kwa moja. Keya iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Uganda na Afrika Mashariki ili kulinda makoloni ya Waingereza, na miaka ya 1950 jeshi hilo hilo lilitumwa kupambana na Mau Mau. Mna mkwe kutoka Nyeri, kwa hao hao Mau Mau, umeniambia mwenyewe. Atakaa meza moja nanyi akiwa na kikombe mkononi. Kikombe hicho kimtaje babu, wenzake na njia waliyopita, naye atakunywa chai yake bila kinyongo. Ukimtukuza mkoloni juu ya kikombe cha familia, umemuweka mgeni wenu pabaya, na hata babu hujamtendea haki.

Sasa hiyo namba, na hapa naomba unisikilize vizuri. Batalioni ya 6 ndiyo iliyokuwa ya Tanganyika tangu zamani, ndiyo maana watu huiandika bila kuuliza. Lakini wakati wa vita ya pili zilizaliwa batalioni nyingi. Ya 6 inajulikana kwa Uhabeshi mwaka 1941, kwenye mapigano ya Colito, na kwa Madagascar mwaka 1942. Waliokwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakateremka Bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya kule hadi Kalewa mwishoni mwa 1944, Watanganyika wao walikuwa kwenye Batalioni ya 26 na ya 36. Kwa hiyo ama namba yako si sahihi, ama ni Burma isiyo sahihi, ama babu alihamishwa. Ulizeni kabla ya kulipa.

Mtauliza wapi? Anzeni na sanduku la bibi. Tafuteni cheti cha kuacha jeshi, picha, medali. Medali za vita ya kwanza zina jina na namba ya askari pembeni, kwenye ukingo, herufi ndogo sana. Zishikeni kwenye mwanga. Nyota za vita ya pili kwa kawaida hazina jina, lakini utepe wake unasema. Utepe wa Nyota ya Burma ni buluu iliyokolea, katikati una mstari mpana mwekundu, na kila upande wa buluu una mstari wa rangi ya chungwa. Wa Nyota ya Afrika ni wa rangi ya mchanga, wenye mwekundu katikati. Ukikuta huo wa buluu na chungwa, umeshajua babu alifika wapi, na hapohapo umepata rangi za fulana zenu, nzuri kuliko mabaka mara mia.

Picha ya yule askari wa mtandaoni iondoe, mdogo wangu. Yule ni babu wa watu. Kama yenu haipo, msiweke sura. Divisheni ya 11 ilikuwa na alama yake ya kichwa cha kifaru, na waliivaa Watanganyika, Wakenya, Waganda na watu wa Nyasaland pamoja. Mchoraji mzuri akuchoree kifaru upya, kwa mkono, mstari mmoja safi. Hiyo inatosha.

Kuhusu vitu vyenyewe, sina mengi. Vikombe ni rahisi, duka lolote la uchapaji litafanya. Wazee wapeni form six, zile fulana za kola, zenye darizi kifuani, kwa sababu chapa ya bei nafuu hupasuka baada ya kufuliwa mara chache, na jina la marehemu lililobanduka nusu linauma kulitazama. Agizeni sampuli moja, ifueni kwa sabuni ya unga, ianikeni juani siku nzima, ndipo mtoe oda. Majina yote yasomwe kwa sauti mbele ya shangazi mkubwa, herufi kwa herufi, kabla mashine haijawashwa.

Ila mbona hamna kanga? Nimeshangaa. Wanaume wamepangiwa fulana na kofia, na waliobaki kulima na kulea miaka yote ile mmewasahau. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kila kitu mnachotaka kusema kina mahali pake. Pindo lichukue rangi za ule utepe. Mji ukae kifaru. Jina liwe neno ambalo babu alipenda kulisema nyumbani, lile ambalo wajukuu wote wanalijua bila kuambiwa. Viwanda hutaka oda kubwa, ukoo mmoja hauwezi, lakini fundi wa kuchapa kwa skrini anaweza kuwatolea doti chache kwenye pamba nyeupe. Bibi apewe ya kwanza.

Wewe umeuliza pia kama mnaweza kuuza kwa watu wengine. Mnaweza, mkikubaliana kwanza kama ukoo, kwa maandishi, faida inakwenda kwa nani. Mimi ningeipeleka kwenye matibabu ya bibi. Na nyie wasomaji wengine ambao baba zenu walipigana Kagera mwaka 1978 na 1979, msiguse nembo ya JWTZ wala ya kikosi bila ruhusa. Andikeni barua, mwombe, msubiri jibu.

Limebaki lile uliloliandika mwishoni, kwamba baba yake babu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita ya kwanza na hakurudi. Hilo limenikaa. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, na wengine hawakukumbukwa popote, na ikaomba radhi. Tafuteni jina lake kwenye orodha ya Tume. Likikosekana, waandikieni muwape mnachokijua: kijiji, mwaka alioondoka, aliyemuona mwisho. Na kwenye fulana, nyuma, jina lake liwe juu ya la babu, herufi za ukubwa uleule.