MWANAO AMEBADILIKA: NI UKUAJI AU NI UGONJWA?

Makala haya nimewaandikia wazazi hasa, ingawa najua gazeti la chama husomwa na sisi wenyewe. Basi mwenzangu, ukishalisoma lipeleke nyumbani, uliache mezani kana kwamba umelisahau, ukurasa huu ukiwa wazi.

Sisi wa shule ya kutwa hatuna bweni la kujifichia. Kila jioni twarudi nyumbani na nyuso zetu zilivyo, na mzazi akishaona sura tu humpa mtoto jina: mvivu, mwenye kiburi, ama ati ameanza bangi. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi sivyo.

Tuanze na usingizi, maana huo ndio huleta kelele nyingi asubuhi. Mtoto anapobaleghe, saa iliyo ndani ya mwili wake husogea. Kemikali iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa, yapata saa moja au mbili baadaye kuliko alipokuwa mdogo. Ndiyo sababu mdogo wake wa gredi ya pili yuko fofofo saa mbili na nusu usiku, naye macho makavu. Sasa tupige hesabu. Kijana wa umri wetu anahitaji kulala saa nane hadi kumi. Akilala saa tano usiku, vyombo vimeoshwa na kazi ya shule imekwisha, kisha aamke saa kumi na moja alfajiri awahi matatu, amepata saa sita. Amepungukiwa na saa mbili, tena hapo ni kwa uchache. Siku tano, saa kumi. Deni hilo ndilo hulipwa Jumamosi, mama akigonga mlango saa nne asubuhi na kuuliza kwani hapa ni hoteli. Simu nayo huzidisha mambo, hapo siwatetei wenzangu. Mzazi akiichukua saa tatu usiku hajakosea.

La pili ni ubongo. Mwaka 1999 daktari Jay Giedd na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kupiga picha bongo za watoto wale wale kwa miaka kadhaa. Ilionekana kwamba ubongo huendelea kujengwa katika ujana wote. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile ya kupima matokeo kabla ya kutenda, huwa miongoni mwa zile za mwisho kukomaa, hata kufikia miaka ishirini na mitano hivi. Zile za hisia hutangulia. Kwa hivyo mzazi anapouliza, "Kwani hukufikiria?" jibu la kweli mara nyingi ni hapana. Si ruhusa ya kuvunja sheria hiyo! Sheria za nyumbani ndizo hutushikilia mpaka wakati huo.

Hayo ni ukuaji. Ugonjwa nao upo. Shirika la Afya Duniani lasema kijana mmoja kati ya kila saba, wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la watu 49, hao ni saba.

Mtaani kwetu palikuwa na golikipa hodari sana. Akaacha mpira. Glavu zikaning'inia msumarini, chakula akawa anakionja tu, na akisemeshwa anafoka. Baba yake akasema ni utundu wa ujana, mjomba akasema amerogwa. Ilipita karibu miezi mitatu kabla ya mtu kumpeleka hospitalini, na huko wakaambiwa ni unyogovu. Watu walingoja wamwone akilia, kumbe kwa vijana ugonjwa huu mara nyingi hutokea kama hasira. La kutazama ni glavu. Kijana akiacha kitu alichokipenda, na hali hiyo ikadumu wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vikiharibika pia, hapo si balehe tena.

Kumwuliza waziwazi kama amefikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Wataalamu wamelisema mara nyingi. Zamani familia zilinyamaza hata kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho chakiuka Katiba.

Lakini namna ya kuuliza! "Keti hapo tuzungumze" hutufanya tujione kama tuko kizimbani, na mdomo hufunga wenyewe. Tukichambua sukuma pamoja, ama tukitembea kwenda dukani, bila kutazamana usoni, maneno hutoka. Na mtoto akishaanza kusema, tafadhali msimkatize na habari za jinsi ninyi mlivyotembea kilomita kumi kwenda shule. Tunazijua.

Nambari 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, na mzazi pia anaweza kuipiga. Mwalimu wa ushauri nasaha yuko, ijapokuwa wengi wetu huogopa kuonekana mlangoni pake. Mkifika hospitalini, mama ama baba aingie pamoja na mtoto, kisha atoke nje dakika chache amwachie daktari. Kuna mambo ambayo hatuwezi kuyatamka mama akiwa ameketi papo hapo.