Paka wa Barabara ya Kilwa: Je, Kumhurumia Mnyama ni Kumnyima Mtu?



Somo letu la leo linatokana na swali ambalo vijana wa jumuiya yetu huku Mbagala waliniuliza, na nadhani hata wewe umewahi kujiuliza: ukimkuta paka amegongwa na gari, yuko pembeni ya barabara, bado anapumua, unatakiwa kufanya nini kama Mkristo? Umpite? Usimame? Na ukisimama, hivi hujachezea muda na hela wakati mtaani kwenu kuna mtu hajala tangu jana?

Swali linaonekana dogo. Ila ukilifuata mpaka mwisho utaona linagusa mambo makubwa: thamani ya mtu, matumizi ya pesa, hata mateso na kifo. Chukua Biblia yako usome kwanza sehemu tatu: Kutoka 23:4-5, Mathayo 10:29-31 na Luka 10:25-37. Ukimaliza, turudi hapa.

1. MAANDIKO YANATUAMBIA NINI?

Katika kitabu cha Kutoka, Mungu anawapa Waisraeli amri ya ajabu kidogo. Ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo, usimwache hapo; msaidie. Angalia vizuri: punda ni wa adui yako! Ungeweza kusema, "Atajiju mwenyewe." Lakini ugomvi wako na mwenye punda haumhusu punda. Yeye kaelemewa, na wewe ndiye uliyepita hapo.

Katika Mathayo, Yesu anazungumzia shomoro, ndege wa bei ya chini kabisa sokoni. Anasema hata mmoja wao haanguki bila Baba kujua. Halafu papo hapo anawaambia wanafunzi wake kwamba wao wana thamani kuliko shomoro wengi. Vijana, shikeni maneno yote mawili. Ukishika la kwanza tu, utamweka paka sawa na mtoto wa jirani. Ukishika la pili tu, utafika mahali pa kumpiga mbwa jiwe huku ukisema "ni mnyama tu". Yesu aliyasema pamoja, na sisi tuyashike pamoja.

Ya Msamaria mwema mnaijua. Naomba tuangalie hatua zake tu: aliona, akasogea, akafunga majeraha kwa alivyokuwa navyo, akampeleka majeruhi mahali pa kutunzwa, akalipa, akaendelea na safari yake huku akiahidi kurudi. Hakuacha safari yake yote. Alifanya sehemu yake, na sehemu nyingine akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

2. KILICHOTOKEA RANGI TATU

Jumamosi moja jioni nilikuwa natoka kukusanya michango ya jumuiya. Tuna mama mmoja mzee, amepooza upande mmoja baada ya kupata kiharusi, halafu miguu yote imekosa nguvu, hawezi kusimama. Tulikuwa tumechanga shilingi 35,000 tumpelekee kesho yake baada ya Misa. Bahasha ilikuwa kwenye pochi yangu.

Karibu na Rangi Tatu, kando ya Barabara ya Kilwa, nikaona paka wa kijivu mwenye mistari anajivuta kwa miguu ya mbele. Ile ya nyuma inaburuzika tu. Vijana wa bodaboda walikuwa kijiweni pale pale. Mmoja akaniambia, "Dada, achana naye, huyo keshakufa. Tena paka wa jioni jioni hawa si wazuri, utajiletea mambo."

Kuna mama wa Kiislamu anauza mihogo ya kukaanga hapo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Usimshike kwa mikono mitupu, atakung'ata." Akanyanyuka, akatoa kanga kuukuu na katoni tupu la biskuti. Wakati tunamfunika akaniambia kwamba kwao kuna sahaba wa Mtume aliyeitwa Abu Huraira, yaani baba wa kipaka, kwa jinsi alivyopenda paka. "Sasa mimi nitampitaje huyu?" Nilifurahi sana. Wema hauna mpaka wa dini, na mfano wa Msamaria unatuambia hivyo hivyo.

Mzee mmoja anayefuga kuku alikuwa na namba ya daktari wa mifugo. Akampigia. Gharama ya kuja na matibabu ya kwanza ikawa 15,000. Yule wa boda akaniuliza, "Si una hela hapo kwenye bahasha?" Nikamjibu, "Hii ina mwenyewe." Basi tukachanga: mimi 5,000, mzee wa kuku 5,000, mama wa mihogo 3,000. Ikabaki 2,000. Unajua nani alitoa? Yule yule wa boda aliyesema paka keshakufa.

Daktari alikuja na pikipiki. Akamminya vidole vya miguu ya nyuma, paka hakushtuka kabisa. Akampapasa mgongo, akaangalia fizi, zimekuwa nyeupe. Akatuambia ukweli: uti wa mgongo umevunjika, anavuja damu ndani, hatapona. Akashauri achomwe sindano ya kumlaza asiendelee kuteseka. Tukakubali. Mama wa mihogo aliendelea kumshikilia ndani ya kanga mpaka mwisho. Tulimzika nyuma ya banda la kuku.

3. TULIPOTEZA HELA?

Nyumbani niliulizwa hivyo hivyo: "Elfu kumi na tano kwa paka aliyekufa?" Hebu tusikilize Kanisa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inafundisha mambo yanayokwenda pamoja. Wanyama ni viumbe wa Mungu, na tunapaswa kuwatendea wema. Inatukumbusha hata upole wa watakatifu Fransisko wa Asizi na Filipo Neri kwa wanyama. Inaruhusu tuwatumie kwa chakula, mavazi na kazi, kwa hiyo kula kuku Dominika si dhambi, msiogope! Inasema kumtesa mnyama au kumwua bila sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Ona hapo: ukatili wako unakushusha hadhi wewe mwenyewe. Na mwishoni inaonya pia kwamba si sawa kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwa haki zingetangulia kuondoa taabu za watu.

Ndiyo maana ile bahasha haikufunguliwa. Hela ya mgonjwa ilikuwa na mwenyewe. Lakini 15,000 zile hazikutoka mdomoni mwa mwenye njaa. Zilitoka kwenye soda, vocha na nauli zetu. Mara nyingi anayesema "kuna watu wana njaa" ili usimsaidie mnyama, ukimpelekea mchango wa wenye njaa utakuta naye hana. Siyo wote, ila jichunguze.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato si' wa tarehe 24 Mei 2015, aliyasema yote mawili. Alionya kwamba ukatili kwa viumbe wengine, mapema au baadaye, huingia katika namna tunavyowatendea watu. Na alisema pia kwamba ni kujipinga mwenyewe kupigania wanyama huku hujali maskini na watu wanaouzwa kama bidhaa. Moyo ni mmoja. Haujagawanywa chumba cha paka na chumba cha watu.

Ukitaka mfano, msome Mtakatifu Martin de Porres, bruda Mdominikani wa Lima, Peru, aliyefariki mwaka 1639 na kutangazwa mtakatifu na Papa Yohane XXIII mwaka 1962. Alihudumia wagonjwa na maskini usiku na mchana. Mapokeo yanasimulia kwamba mbwa na paka waliojeruhiwa nao aliwatibu, akawatafutia nafasi nyumbani kwa dada yake. Wagonjwa hawakulala njaa kwa sababu ya paka wa Martin. Ni mkono ule ule uliofunga vidonda vya wote.

Na hayo mambo ya paka kuwa mchawi? Mkristo haogopi kiumbe cha Mungu. Paka mweusi, mweupe au wa mistari, wote ni kazi ya Muumba.

4. SWALI GUMU

Kesho yake baada ya Misa tulikwenda kwa yule mama mgonjwa, bahasha ikiwa na 35,000 zote. Njiani kijana mmoja wa miaka 15, aliyekuwa amesikia habari ya paka, akaniuliza: "Dada, paka miguu haifanyi kazi, akachomwa sindano, mkasema ni huruma. Bibi naye miguu haifanyi kazi na anaumia. Kwa nini kwake isiwe huruma?"

Wote tulinyamaza. Ni swali la haki kabisa, na kijana anayeuliza hivyo asikemewe.

Jibu la Kanisa liko kwenye ule mstari wa shomoro: ninyi mna thamani kuliko shomoro wengi. Mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, ana roho isiyokufa, anaitwa kuishi na Mungu milele. Uhai wake si wangu wala wako, hata si wake mwenyewe kuukatisha. Katekisimu namba 2276 na 2277 inasema wagonjwa na walemavu wanastahili heshima ya pekee, na kumwua mtu ili kumwondolea mateso ni kosa kubwa, haijalishi nia ilikuwa nzuri. Paka anayekufa kwa maumivu hawezi kusali, kusamehe, wala kumwaga mtoto wake. Mama yetu anaweza. Siku ile alituombea sisi, kila mmoja kwa jina.

Lakini sikia upande wa pili wa jibu. Kama kwa paka huruma ilikuwa kazi ya dakika chache, kwa mtu huruma ni kazi ya kila siku. Mgonjwa wa kitandani anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo anapata vidonda vya mgongoni na kwenye nyonga. Anatakiwa kuoshwa, kulishwa taratibu, kupewa dawa za maumivu, kupelekewa Komunyo. Binti yake alikuwa anafanya yote peke yake. Tukisema "hatuui wagonjwa" halafu tukamwacha binti yule peke yake, tumesema nusu tu ya Injili. Siku hiyo vijana wanne waligawana zamu za mchana kwa wiki. Yule aliyeuliza swali alichukua Jumatano.

5. UKIMKUTA MNYAMA ALIYEUMIA

Huruma bila akili inaweza kuua. Shika haya:

Kwanza, linda uhai wako. Usikimbilie katikati ya barabara. Mtu mmoja asimamishe magari, mwingine amfuate mnyama.

Pili, usimshike mikono mitupu. Paka mwenye maumivu hung'ata hata mwenye kumfuga. Mfunike na kanga au taulo, mnyanyue mwili wote kwa pamoja bila kumkunja mgongo, mweke kwenye katoni lenye matundu, mahali penye kivuli na utulivu.

Tatu, akitoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi. Usimlazimishe maziwa wala chakula.

Nne, usimpe dawa ya maumivu ya binadamu! Panadol kidonge kimoja tu kinaweza kumwua paka.

Tano, tafuta mtaalamu. Uliza ofisi ya serikali ya mtaa wakupe namba ya afisa mifugo, au waulize wafugaji wa kuku na ng'ombe. Wao wanawajua madaktari wa mifugo.

Sita, ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Kichaa cha mbwa kinawapata paka pia, na dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Usisubiri.

Saba, jua kwamba kuwatesa wanyama ni kosa hata kwa serikali. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ukiona watoto wanamchezea paka kwa mawe, wakataze kwa upole na uwaeleze.

6. MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

(a) Ni kiumbe gani, mtu au mnyama, unampita kila siku kwa sababu umeshamzoea?

(b) Kwa nini Yesu alisema maneno mawili kuhusu shomoro, si moja?

(c) Mtaani kwenu nani anamuuguza mgonjwa peke yake? Mnaweza kumpokea kwa saa ngapi wiki hii?

TUSALI: Ee Mungu Muumba wetu, usiyemsahau hata shomoro, utupe macho ya kuona, miguu ya kusogea na mikono isiyo bahili. Utufundishe kumtunza kila kiumbe kwa kipimo chake, na kumheshimu kila mtu kwa kuwa ni mfano wako. Wape nguvu wanaouguza majumbani. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Martin de Porres, utuombee.