Dawa ya Pumu kwa Watoto Wetu: Fundisho kwa Wazazi na Walimu wa Dini



Mzazi mwenye mtoto wa pumu ajua jinsi usiku ulivyo mrefu. Kwa hiyo katika fundisho hili twataka kueleza dawa moja ambayo wazazi wengi huiacha mapema, nayo ndiyo yenye kumlinda mtoto. Twawaandikia ninyi wa Kerenge, na wa vijiji vyote vya Korogwe na Handeni.

1. Pumu ni nini?

Njia za hewa katika mapafu ya mtoto mwenye pumu zimevimba kwa ndani, na mara nyingi uvimbe huo hubaki hata mtoto aonekanapo mzima. Yajapo mafua, au moshi wa kuni, au vumbi, njia hizo hukaza na kujaa makohozi, ndipo kifua hulia kama filimbi. Pumu si uchawi wala laana, wala haiambukizi. Lakini yaweza kuua: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu 455,000 walikufa kwa pumu, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo.

2. Dawa mbili, kazi mbili.

Dawa ya kwanza ni salbutamoli. Hiyo hufungua kifua kwa dakika chache, lakini nguvu yake hupita baada ya saa chache, wala haiponyi uvimbe. Ya pili ni ya jamii ya kotikosteroidi, kama budesonidi. Hiyo haifungui kifua upesi. Hutuliza uvimbe polepole, kwa siku na majuma. Pumu ni mfano wa kaa la moto lililofunikwa na majivu: salbutamoli huzima mwali ulioruka, bali budesonidi hulizima kaa lenyewe. Basi mtoto aliyeandikiwa dawa hii kwa kila siku yampasa aitumie hata siku anapocheza na wenzake. Mzazi asiiache mpaka daktari amwambie.

3. Jinsi ya kuitumia kwa mashine.

Kwa watoto wadogo budesonidi ya maji hutiwa katika mashine iitwayo nebulaiza, nayo huigeuza kuwa ukungu mwembamba wa kuvutwa. Mtoto aketi wima, na kifuniko kikae vema juu ya pua na kinywa. Asipewe dawa akilia, maana alipo katika kilio dawa kidogo tu hufika mapafuni. Akiisha, asukutue kinywa au anywe maji, na uso wake uoshwe, asije akapata utando mweupe kinywani. Kikombe cha dawa kioshwe na kukaushwa. Mtu asitie humo maji ya majani wala dawa nyingine asiyoagizwa.

Wengine huogopa kwamba dawa hii itamdumaza mtoto. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watoto waliovuta budesonidi kwa miaka kadhaa walikuwa wafupi kwa sentimeta 1 na kidogo tu walipokuwa watu wazima. Daktari hupima jambo hilo, akatoa kipimo kidogo kinachotosha.

4. Pasipo mashine wala umeme.

Msikate tamaa. Pampu ya kuvuta dawa, ikiunganishwa na chombo cha kupitishia, yawafaa watoto wengi sawasawa na mashine. Mwaka 1999 waganga wa Cape Town walitangaza kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kuzibwa vema kandokando ya pampu, ilipitisha dawa ya kufungua kifua sawa na chombo cha kununua. Mwulizeni mhudumu wa zahanati awaonyeshe jinsi ya kuitengeneza.

5. Dalili za hatari.

Mtoto asipoweza kusema au kunyonya, mbavu zikiingia ndani apumuapo, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, mpeni dawa ya kufungua kifua, mkampeleke mara hiyo hospitali iliyo karibu, kama Magunga pale Korogwe. Msingoje asubuhi.

6. Imani na dawa.

Wako wasemao kwamba mtoto aliyeombewa akapata nafuu hana haja tena ya dawa, na kwamba kuendelea nayo ni kukosa imani. Someni Isaya 38. Hezekia alikwisha kuahidiwa na Mungu kwamba ataishi. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi haikuifukuza dawa, wala dawa haikuitukana ahadi. Mwalimu amwombeaye mtoto, kabla ya kuondoka na amwulize mama: Dawa ya leo amekwisha kuivuta?

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini mtoto atumie dawa ya kuzuia hata akiwa mzima?
2. Dawa hizi mbili zatofautianaje?
3. Ni dalili zipi zisizongoja asubuhi?