Kusoma Nota za Zumari la Waskoti

Mtu aanzaye kujifunza zumari la mfuko la Waskoti huogopa karatasi ya nota kuliko zumari lenyewe. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa zumari hilo lina sauti tisa tu.

Nota huandikwa penye mistari mitano, ihesabiwayo kutoka chini. Sauti ya chini kabisa, G, hukaa juu ya mstari wa pili. A katika nafasi iliyo juu yake. B juu ya mstari wa tatu. Na kadhalika, mstari na nafasi kwa zamu, hata kufika A ya juu, yenye kijistari chake peke yake juu ya mistari yote.

Lililo gumu ni zile nota ndogo ndogo, ambazo mikia yake huelekea juu, ilhali ya nota kubwa huelekea chini. Mwanafunzi mvivu huziruka. Usifanye hivyo! Upepo wa mfuko haukatiki, wala mpigaji hawezi kunyamaza katikati ya wimbo. Basi A mbili zikifuatana bila nota ndogo kati yake, msikilizaji husikia A moja ndefu, na wimbo umeharibika. Ili kuzitenga, inua kidole cha shahada cha mkono wa juu, ukirudishe mara moja.

Anza kwa zumari dogo la mazoezi, lisilo na mfuko. Imba kifungu kimoja kwa kinywa, ndipo ukipige, polepole. Walimu wa zamani wa Uskoti walifundisha nyimbo ndefu kwa kuimba silabi tu, pasipo karatasi.