Mafunzo Niliyopata kwa Kupamba Nyumba kwa Kaure ya Buluu

Napenda sahani za kaure za buluu na nyeupe, na sebule yangu nimeipamba kwazo. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Buluu hupendezeshwa na weupe. Wenye nyumba za mawe za Lamu walilijua hili zamani. Kuta za ndani walizipiga lipu nyeupe ya chokaa, wakachonga zidaka, na humo wakapanga sahani na bakuli zilizoletwa na majahazi. Vyumba vile ni vyembamba na mwanga wake ni hafifu, kwa hiyo kaure ing'aayo iliwafaa. Nami nilipopaka ukuta rangi nyeupe isiyong'aa, sahani zilijitokeza bila msaada wa taa.

2. Rangi hii haipauki. Tangu karne ya 14, mafundi wa Jingdezhen, China, huchora kwa kobalti juu ya udongo usiochomwa, wakaufunika kwa tabaka la kioo, kisha wakauchoma kwa joto la karibu nyuzi 1,300. Rangi nyingi huungua humo, kobalti hustahimili. Mchoro ukishafungiwa chini ya kioo, jua la dirishani haliupaushi wala sabuni haiutoi.

3. Ujue chombo kimetengenezwa kwa nini. Katika karne ya 17, wafinyanzi wa Delft, Uholanzi, waliiga kaure ya China kwa udongo wa kawaida uliopakwa tabaka jeupe lenye bati. Sura inafanana, lakini vyombo hivyo humeguka upesi kingoni. Vya namna hiyo nitundikie ukutani. Mezani niwekee kaure.

4. Chache zatosha. Kwenye kaburi la mnara la Mambrui, bakuli za Kichina zilipachikwa kila moja na nafasi yake, na jicho huiona kila moja. Ukuta uliojaa sahani hugeuka duka.

5. Uzuri hauhitaji ukale. Kwenye makaburi ya kale ya pwani, kama ya Kunduchi, sahani nyingi zimebanduliwa, pamebaki mashimo. Ukitaka kuona za kale, nenda makumbusho ya Fort Jesus au Gede. Za nyumbani nunua mpya, na ukiuziwa kipande kilichotoka magofuni, kikatae. Mnunuzi akikosekana, mbanduaji hana kazi.