SOMO LETU: MAZIWA HAYAFUTI SUMU



Somo la leo linahusu habari za uongo zinazojivika nguo ya sayansi na kutembea kutoka simu hadi simu. Hapa Uganda, katika mashamba ya chai, kahawa na miwa, simu imekuwa kama baraza letu la jioni. Hilo ni jambo jema, maana tangazo la mkutano wa tawi hufika upesi. Lakini uongo nao hufika upesi vilevile, na uongo mwingine unaua.

Yaliyotupata

Katika shamba moja la kahawa tunakofanya kazi ya chama, glavu za wapiga dawa zilikwisha na hazikuletwa nyingine. Wakati huohuo ujumbe wa sauti ulikuwa ukizunguka katika simu za wafanyakazi. Ulisema kwamba "daktari mkubwa wa Ulaya" amegundua kuwa nusu lita ya maziwa huondoa sumu yote ya dawa ya wadudu mwilini. Hata mnyapara aliusambaza.

Ndugu yetu mmoja alikuwa na bomba lililovuja mgongoni. Shati lilimlowa dawa. Yeye alikunywa maziwa yake, akaendelea na kazi na shati lilelile mpaka saa ya kutoka. Jioni alianza kutoka jasho jingi na mate, macho yakaona ukungu, misuli ikatetemeka. Tulimkimbiza zahanati pamoja na kopo la dawa. Mganga alisoma lebo, akamvua nguo na kumwosha, akamchoma sindano za atropini, akapona. Lakini sikilizeni waliyosema wenzetu kesho yake: "Alichelewa kunywa maziwa." Ndugu, hivyo ndivyo uongo unavyojilinda. Ukishindwa, husema kosa ni la mgonjwa.

Kwa nini maziwa hayawezi

Dawa ya wadudu huingia mwilini kwa njia tatu: ngozi, pumzi na mdomo. Kwa mpiga dawa, ngozi ndiyo mlango mkubwa. Sumu hupita katika ngozi ikaingia katika damu.

Sasa tuyafuate maziwa. Yanapita kooni, yanafika tumboni, yanaingia utumboni, yanasagwa kama chakula kingine. Hayafiki mgongoni kuosha shati. Hayaingii katika damu kuikamata sumu. Hayaendi katika mapafu, na kwa hiyo ndugu zetu wa viwanda vya saruji na nyuzi wajue kwamba vumbi walilovuta haliteremki kwa maziwa. Tena zipo sumu zinazoyeyuka katika mafuta, na kwa hizo mafuta ya maziwa yanaweza kuisaidia sumu kuingia badala ya kuitoa.

Hatusemi maziwa ni mabaya. Maziwa ni chakula bora, na mahali ambapo wafanyakazi wamepata haki ya kupewa maziwa, wasiiache. Tunachokataa ni maziwa kuwekwa mahali pa glavu.

Uongo hupanda mgongo wa ukweli

Yafaa tujue kwamba uongo wa namna hii hauzaliwi mtupu. Hushika ukweli mdogo na kuupandia mgongoni. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, zilienea nchini Iran habari kwamba kunywa pombe hukinga mtu. Ukweli mdogo uliokuwamo ni huu: spiriti huua virusi juu ya mikono. Lakini kunywa ni jambo jingine. Kwa kuwa pombe imekatazwa huko, watu walikunywa ya magendo iliyokuwa na methanoli, yaani spiriti ya viwandani. Mamia walikufa na wengine walipofuka.

Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, uvumi ulienea Uingereza kwamba mitambo mipya ya simu iitwayo 5G ndiyo inayoleta korona. Minara ilichomwa moto. Mafundi wa simu, wafanyakazi kama sisi, walitukanwa na kutishwa wakiwa kazini, hata chama chao kikalazimika kusimama kuwatetea. Na bado ugonjwa ulifika katika nchi nyingi ambazo hazikuwa na mtambo hata mmoja wa aina hiyo. Virusi hupita kwa pumzi na mate ya watu. Mawimbi ya redio hayabebi virusi.

Maswali manne

Kabla ya kuamini ujumbe, na kabla ya kumpelekea mwenzako, uliza:

1. Nani amesema? "Daktari mkubwa" si jina. Mtaalamu wa kweli ana jina na mahali anapofanya kazi, na mahali hapo panaweza kuulizwa.

2. Lini na wapi? Ujumbe usio na tarehe huweza kuzunguka miaka kumi ukijiita habari ya leo.

3. Kinafanyaje kazi? Fuata njia hatua kwa hatua, kama tulivyoyafuata maziwa. Njia ikikatika, simama hapo.

4. Nani anafaidika nikiamini, na nani anaumia? Swali hili ni kubwa kwa chama. Maziwa ya nusu lita ni rahisi kuliko glavu, buti, miwani na bomba lisilovuja. Hatusemi mwajiri ndiye aliyeutunga ujumbe ule. Tunasema kwamba kila mfanyakazi aliyeuamini aliacha kudai glavu.

La kufanya

Dawa ikikumwagikia, vua nguo zilizolowa mara moja, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi dakika kumi na tano. Mtu akiimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mpeleke hospitali upesi, na ubebe lebo ya dawa, kwa maana mganga hutibu kwa kujua ni sumu gani. Usingoje jioni.

Kisha dai haki yako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri achukue hatua za kuwalinda wafanyakazi wake. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi hata senti. Mwezi wa Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika hilo uliingiza usalama na afya katika haki za msingi kazini. Kwa hiyo kuomba glavu si kuomba msaada.

Katika lile shamba, tawi lilikutana siku ya tatu. Lebo ya kopo ilisomwa kwa sauti na kufasiriwa, maana ilikuwa ya Kiingereza. Mahali palipoandikwa "vaa glavu", ukimya uliingia. Wapiga dawa waliweka mabomba chini mpaka glavu zilipoletwa. Hakuna aliyetaja maziwa tena.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Ni ujumbe gani wa tiba uliopita katika simu zetu mwezi huu? Uupime kwa maswali manne.
2. Nani katika tawi letu anaweza kusoma na kufasiri lebo za dawa?
3. Je, kila mpiga dawa ana glavu, buti na mahali pa kuoga kabla ya kurudi nyumbani kwa watoto?

Ndugu, kidole kinachotuma ujumbe ni chako. Kabla ya kutuma, uliza.

Umoja ni nguvu.